Ndoo ya Kumi na Nne

Ndoo yenye udongo na mpamba haiongezeki uzito yenyewe. Mkisahau mengine yote nitakayoandika hapa, hilo msilisahau. Ukiipima leo asubuhi, usiimwagilie, kisha ukaipima kesho asubuhi, lazima iwe imepungua, kwa kuwa udongo unakauka na majani yanatoa maji kwenda hewani. Ikipungua sana, jana jua lilikuwa kali. Ikipungua kidogo, kulikuwa na mawingu. Ikiongezeka, kuna mtu ameitia maji.

Kanuni hiyo nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kabla hata hawajatua mabegi. Na asubuhi moja, mizani iliponionyesha kwamba ndoo ya kumi na nne imeongezeka, niliandika kwenye daftari kwamba imepungua.

Nitafika huko. Kwanza niwajibu mlichoniuliza.

Nyinyi vijana wapya wa kituo mmenikuta nimestaafu, mmeukuta uzio wa kituo chetu hapa nje ya Ifakara, na kando ya uzio mmekuta mipamba michache iliyozeeka ambayo hakuna anayeipalilia. Mkaniuliza: Mama Skola, pamba ilifikaje hapa, wakati bonde zima ni mpunga na miwa? Na hizo RNA ndogo zilizoandikwa kwenye maboksi matupu ya stoo ni nini?

Wapita njia walituuliza hivyohivyo. Kulikuwa na mama mmoja muuza maandazi, kila akipita anasimama penye uzio. "Nyie wataalamu, pamba mnailima ndani ya ndoo! Mtawashonea nguo sisimizi?" Kaka Damiani anamjibu, "Tutaanza na wewe, tukipata kitambaa cha kukutosha." Mama anacheka mpaka maandazi yanataka kumwagika.

Damiani ndiye alikuwa mtunza mimea wa kituo, mtu wa kijiji cha Mbingu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilitoka chuoni na cheti cha ufundi wa maabara, najua kusoma chupa na vipimo, sijui kuusoma mmea. Baba yake Damiani aliwahi kulima pamba zamani huko kwao, kwa hiyo yeye alikua nayo. Aliniambia tusiuegemee mmea tutakaouchuma kesho, tusiuguseguse, tusiupige kwa kiwiko tukipita, maana jani lililoguswa linajua limeguswa na ndani yake mambo yanabadilika. Nilidhani ni maneno ya wazee wa mashamba. Miaka mingi baadaye mtafiti akatueleza jambo lilelile kwa kutumia picha za mashine, na Damiani akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Mtafiti huyo alikuwa Zuhura.

Zuhura ni mtoto wa hapahapa Ifakara. Babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, na baba yake ana duka la kanga na vitenge karibu na soko. Alikwenda kusoma mbali, akarudi kwetu kufanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu. Shikamoo ya Zuhura ilikuwa inafika kabla yake. Yuko bado getini, anafunga pikipiki, unasikia: "Shikamoo Mama Skola! Shikamoo Mzee Damiani! Shikamoo hata na wewe mpamba namba moja!" Alikuwa anaamkia kila kitu kilichomtangulia kufika kazini.

Siku ya kwanza alituketisha chini ya paa la banda akatueleza anachotafuta. Nitawaeleza kama alivyotueleza, kwa sababu sijasikia mtu mwingine akilieleza vizuri zaidi.

Ndani ya kila seli ya mpamba, alisema, mna maagizo ya mmea mzima. Ndizo jeni. Seli ikitaka kutumia agizo moja, haichukui kitabu kizima; inanakili ukurasa mmoja na kuutuma ukafanyiwe kazi. Nakala hiyo ni RNA mjumbe. Lakini kuna RNA nyingine fupi mno, za herufi ishirini na moja, ishirini na nne, basi. Hizo hazina agizo lolote ndani yake. Kazi yake ni kuzunguka zikitafuta nakala yenye herufi zinazolingana nazo, na zikiipata, nakala ile inakatwa au inazuiwa isisomwe. Jeni ipo, agizo limeandikwa, nakala imetoka, lakini haifanyiwi kazi.

Damiani aliuliza, "Kwa hiyo huyu mdogo anachana barua ya mkubwa?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na hafukuzwi kazi?"

"Hafukuzwi. Ndiyo kazi aliyoajiriwa."

"Basi mwandikie barua ya maombi, mwambie nipo."

Tulicheka, halafu Zuhura akaendelea. Mpamba ukipata kiu, baadhi ya RNA ndogo hizo huongezeka na nyingine hupungua. Zile zinazopungua huziacha nakala zao zipite, na mmea unaanza kufanya kazi ambazo siku za maji hauzifanyi: unafunga matundu ya majani, unapunguza kukua, unalinda kilichopo. Yeye alitaka kujua ni zipi huongezeka, zipi hupungua, na kwa kiasi gani, katika aina ya mbegu aliyokuwa nayo. Akijua, wanaozalisha mbegu watakuwa na mahali pa kuanzia. "Huko Usukumani mvua ikikata wiki tatu tu, mtu amepoteza mwaka," alisema. Wasukuma walio kwetu hapa bondeni walimwelewa haraka kuliko sisi.

Sasa, kutengeneza ukame Kilombero ni kazi ya kuchekesha. Hapa maji yanatoka juu, yanatoka chini, na mwaka mwingine yanatoka mlangoni kwa jirani. Tulijenga banda la nguzo, tukaezeka nailoni ngumu, tukainua sakafu kwa matofali. Ndani tukapanga ndoo thelathini, kila moja na mpamba mmoja. Ndoo zenye utepe wa bluu zinapewa maji kila siku. Zenye utepe mwekundu, baada ya mimea kuanza kutoa maua, zinanyimwa. Tulizichanganya makusudi, nyekundu na bluu, ili upande mmoja usije ukapata jua kuliko mwingine. Kila asubuhi nazipima zote.

Nyinyi mna mizani inayoandika yenyewe kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na mizani ya kuwekea ndoo juu, daftari na penseli. Nasema penseli kwa sababu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika majina ya sampuli kwa kalamu ya wino, nikajiona msafi sana. Zilipotoka kwenye baridi, wino wote ulikuwa umeyeyuka, nina vichupa arobaini visivyo na majina. Damiani alivitazama akasema, "Hongera, umezaa mapacha arobaini." Penseli haifutiki kwenye baridi. Mpaka leo sina kalamu nyumbani.

Baridi yenyewe ilikuwa naitrojeni, ile iliyopoozwa mpaka ikawa kama maji. RNA huoza upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Jani likishatoka kwenye mmea, unahesabu sekunde. Na adui mkubwa ni mkono wa mtu: jasho la ngozi lina vimeng'enya vinavyoitafuna RNA, kwa hiyo glavu mbilimbili, na ukijikuna pua unabadilisha. Tulikuwa tunachuma saa nne asubuhi, siku zote saa nne, maana jani la saa nne na jani la saa nane si jani moja. Jani la tatu kutoka juu. Unakata, unafunga kwenye foili, unalitumbukiza. Damiani alinifundisha kupima muda kwa Salamu Maria: kabla hujafika "utuombee", jani liwe ndani. Zuhura alisema yeye anatumia Kulhuwallahu, na chenji inabaki.

Mtungi wa naitrojeni ulitoka Dar es Salaam kwa gari. Dereva mmoja aliyeuleta mara ya kwanza alisimama Kiberege kununua mchele, kiu ikambana, akafungua kifuniko akatumbukiza soda ipate baridi. Soda ilipasuka ndani. Alifika kwetu analalamika. "Mama, hiki chungu chenu kinachemka bila moto na kimekula chupa yangu!" Tangu siku hiyo Zuhura aliapa kwamba mtungi ataufuata mwenyewe. Ndiyo sababu hakuwepo siku ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka huo mke wa Damiani, Mama Agnela, alikuwa mgonjwa. Ulianza uvimbe kooni, akapelekwa huku na huku, mwisho wakamrudisha hospitali ya hapa Ifakara wakasema apumzishwe. Chakula kilikuwa kimeshashindikana zamani. Kisha na maji yakashindikana. Nilikwenda kumtazama Jumapili baada ya misa. Damiani alikuwa ameketi pembeni ya kitanda na bakuli. Anachovya pamba kwenye maji, anaikamua, anampangusa midomo. Mama Agnela alikuwa anaifuata ile pamba kwa macho inaporudi kwenye bakuli. Hakuweza kusema, lakini ungejua anachotaka.

Kutoka pale Damiani alikuwa anakuja kazini kulinda mimea isipate maji.

Zuhura aliondoka kwenda Dar siku ya tisa ya kiu. Alituaga getini. "Mama Skola, nakuachia watoto wangu. Keshokutwa usiku nitakuwa njiani narudi, siku inayofuata tunachuma." Siku ya kumi nilipima, kila kitu sawa. Ndoo ya kumi na nne, yenye utepe mwekundu, ilikuwa kilo nane na gramu mia mbili. Siku ya kumi na moja asubuhi nilimkuta Damiani ameshafungua banda kama kawaida yake, amekaa kwenye tofali karibu na mlango, kopo la maji liko miguuni. Nilimsalimu, akaitikia chinichini. Nikaanza kupima.

Ndoo ya nne. Ya tisa. Zote zimeongezeka. Nilidhani mizani imeharibika, nikaweka jiwe letu la kujaribia, mizani ikawa nzima. Ndoo ya kumi na nne: kilo nane na gramu mia tano hamsini.

Niligeuka. "Kaka, umefanya nini?"

"Nilitaka moja tu," alisema. "Hiyo ya mlangoni. Majani yake yalikuwa yamelala, Skola. Yamelala hivi." Akaonyesha kwa mkono wake. "Nikaimwagia. Halafu ya pili yake ikawa inaniangalia."

"Ngapi?"

"Sita. Nusu lita, nusu lita."

"Zuhura anakuja kuchuma kesho!"

"Najua."

"Unajua, na umemwaga?"

Alisema, "Kule siwezi kumpa hata tone. Nimeambiwa nikimpa yatamwingia kwenye mapafu. Hapa maji yapo, kopo lipo, na naambiwa nisimpe. Mimi ni mtu gani huyo?"

Wanangu, nilisimama pale na penseli mkononi. Nilichowaza ni hiki. Nikiandika uzito wa kweli, Zuhura ataona. Akiona, mkuu wa kituo atajua. Mkuu wa kituo alikuwa ameshamwonya Damiani mara mbili kwa kuchelewa, wakati wa kushinda hospitali, na mkataba wake ulikuwa wa kupitiwa kila mwaka. Atafukuzwa na mkewe yuko kitandani. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba mambo yatakwenda hivyo. Sikumuuliza mtu.

Nikaandika: ndoo ya kumi na nne, kilo nane na gramu hamsini. Nilikisia ingekuwa hapo kama isingepata maji. Nikafanya vivyo hivyo kwa zile tano. Halafu nikachukua udongo mkavu kutoka nje nikaunyunyiza juu ya udongo uliolowa ili rangi zifanane. Mikono yangu ilifanya kazi safi sana, kama inavyofanya siku zote.

Lakini mtu aliyezoea kuandika hawezi kuacha. Nina kijitabu cha mfukoni ninachoandikia zamu za jumuiya yetu ya kanisani, nani ataleta maua, nani atasoma. Ukurasa wa nyuma niliandika namba sita za ndoo na uzito wake wa kweli, siku ile na kesho yake. Sikujua naziandikia nini.

Zuhura alifika na mtungi wake, macho mekundu kwa vumbi la njiani. "Shikamoo mama, shikamoo mzee wangu, poleni na ukame." Akapita katikati ya ndoo. Akasimama mlangoni. "Hizi nyekundu za hapa mbona zimesimama hivi?"

"Zinapata kivuli cha mlango," nikasema.

Akalipokea. Kwa nini asilipokee? Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mkasi. Saa nne tukachuma, yeye na Kulhuwallahu yake, mimi na Salamu Maria yangu, jani baada ya jani, na Damiani akishikilia kifuniko cha mtungi bila kuinua uso.

Majibu yalitoka baada ya miezi. Sampuli zilikuwa zimesagwa kwenye kinu cha kaure, RNA imetolewa, imepimwa. Ndoo za bluu zote zilisema kitu kimoja. Ndoo nyekundu ziligawanyika. Tisa zilionyesha kiu, RNA ndogo zimepanda na kushuka kama Zuhura alivyotarajia. Sita zilikuwa zinasogea kuelekea kwenye bluu, kama mimea iliyokuwa na kiu ikanyweshwa. Alichukua daftari langu, akalinganisha. Daftari lilisema zote kumi na tano zilikauka sawasawa.

Msimamizi wake wa masomo, huko chuoni, alitazama akamwandikia kwamba daftari la uzito halina tatizo, kwa hiyo tatizo liko kwenye kushika sampuli. Ama amechanganya vichupa, ama RNA imeharibiwa kwa mikono, maana iliyoharibika hutoa majibu ya ovyo. Afanye upya.

Alirudia na masalio ya majani yaliyokuwa kwenye friza. Majibu yakawa yaleyale. Nilikuwa namwona anavyonawa. Ananawa, anavaa glavu, anavua, ananawa tena, anapaka spiriti, mpaka ngozi ya vidole ikaanza kupasuka, na ngozi iliyopasuka ni mbaya zaidi kwa kazi ile, naye anajua. Siku moja alivikunjua viganja vyake mbele yangu juu ya meza ya maabara.

"Mama Skola, wewe umeshika sampuli miaka yote hii. Niambie ukweli. Mikono yangu ina nini?"

Nikamwambia, "Haina kitu, mwanangu. Umechoka. Nenda kapumzike."

Wakati huo Mama Agnela alikuwa ameshazikwa. Siri haikuwa ya kumlinda Damiani tena. Alikuwa amebakiza mkataba mmoja na alikuwa anasema mwenyewe kwamba anarudi Mbingu. Ilikuwa inanilinda mimi, niliyeandika namba za uongo kwenye daftari la kituo, na nilikuwa karibu na kustaafu.

Masalio ya majani yakaisha. Mvua za masika zikaingia, upepo ukalichana paa la nailoni, tukatoa ndoo nje. Mipamba mnayoiona kando ya uzio ndiyo hiyo. Damiani aliipandikiza kabla hajaondoka. Muda wa masomo wa Zuhura ulikwisha, na chuo hakikumwongezea mwingine. Alipokuja kuaga alisema, "Labda kazi hii inataka mikono ya aina fulani." Akatabasamu. Siku hiyo pia alitoa shikamoo getini.

Akaingia dukani kwa baba yake.

Kwa miaka mingi nilinunua vitenge vya jumuiya kwake. Ananipunguzia bei, ananiulizia miguu yangu, anauliza kama kituo bado kina naitrojeni. Nilikuwa namwona, kabla hajagusa jora la kitambaa, anakwenda kwenye ndoo yenye koki pale pembeni ananawa mikono. Kila mteja. Baba yake anasema, "Huyu mtoto wangu msafi mpaka anachosha." Mimi nacheka na baba yake.

Damiani alifariki mwaka jana. Tulikwenda Mbingu kumzika. Binti yake Agnela alinipa kopo la bati, lile alilomwagia ndoo siku ile, akasema baba alisema nipewe mimi. Hakujua kwa nini. Nililipakata kwenye gari mpaka Ifakara. Nilipofika nyumbani nilifungua sanduku la vitabu vya jumuiya nikatafuta kijitabu cha mwaka ule.

Nilikwenda dukani asubuhi, wateja wakiwa wachache.

"Shikamoo, mama! Leo mapema. Kuna sherehe ya jumuiya?"

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuletea kitu."

Nikampa kijitabu nikiwa nimekifungua ukurasa wa nyuma. Akasoma kichwa, *siku ya 11, uzito wa kweli*, na hakushuka chini. Alikifunga na kidole chake kikiwa ndani, akanitazama.

"Usiniambie," alisema. "Ya nne. Ya tisa. Kumi na nne. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Ishirini na nane."

Hakuwa amezisoma. Alikuwa nazo kichwani miaka yote hiyo.

"Ndizo," nikasema.

Akafungua, akazipitia kwa kidole. Midomo ilikuwa inachezacheza kama zamani akikokotoa. "Nusu lita," akasema. "Nani?"

"Damiani. Mkewe alikuwa..."

"Najua mkewe alikuwa na nini. Nilikwenda kumwona. Nilimpelekea madafu, sikujua kwamba hamezi." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Damiani simlaumu. Wewe ulipima."

"Nilipima."

"Ukaona."

"Niliona. Niliogopa atafukuzwa."

"Na nani? Na mimi?" Hakupaza sauti. "Ningeandika, mama. Ndoo sita zimepewa nusu lita siku ya kumi na moja, bila kupangwa. Mstari mmoja. Halafu ningechuma kama nilivyochuma. Unajua ningekuwa na nini? Ningekuwa na kiu, na maji, na kiu iliyonyweshwa. Ningejua RNA zile zinarudi kwa mpangilio gani mmea ukipata maji tena. Sikuwa hata nimefikiria kulitafuta hilo. Damiani alinifanyia jaribio zuri kuliko langu. Niliyaona majibu yake kwa macho yangu, nikaambiwa ni uchafu wa mikono. Nikakuuliza wewe."

"Uliniuliza."

"Nikakuonyesha mikono, mama."

Akaingia mama mmoja na binti yake, wanataka doti ya kanga ya harusi. Zuhura aliweka kijitabu changu kwenye rafu nyuma yake, akaenda kwenye ndoo yenye koki, akainua mikono kuifungua. Halafu akaiacha. Akarudi kwenye jora na mikono mikavu, akawashushia kanga, akawauliza rangi gani. Nilisubiri. Hakunitazama tena, nikaondoka.

Kijitabu hakunirudishia, nami sikukiomba. Napita pale kila wiki nikienda sokoni, maana ndiyo njia. Nimeona mara moja ameketi nacho na karatasi pembeni imejaa namba. Sijui anafanya nini nacho na sina haki ya kuuliza.

Nikipita huwa ananiona. Ni mtoto aliyelelewa vizuri, hawezi kumwacha mtu mzima apite bila neno. Anainua kichwa anasema, "Habari za leo," kama anavyomwambia mteja yeyote. Shikamoo hanipi. Nami najibu, "Nzuri," naendelea na njia.